KUTOKA MTO ATHI HADI KILINDINI: SOMO LA MATAGI NA LUGHA YA BANDARI

Huenda umesoma kichwa cha makala haya ukajiuliza, "Kwani watu wa Muthetheni wana shughuli gani na meli?" Hata mimi niliulizwa hivyo na wenzangu darasani nilipotangaza nitakaloandika. Mmoja wao alisema, "Hapa maji ya kunywa yenyewe tunayafuata kwa punda, na wewe unatuletea bahari!" Tulicheka mpaka kengele ikalia. Lakini nilipofika bwenini nikaona swali lile linastahili kujibiwa.

Kwanza, mto wetu Athi hauishii Ukambani. Huteremka ukipita kando ya uwanda wa Yatta, ukaungana na mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka ukamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kwa hivyo tope la mashamba yetu hufika baharini kabla yetu sisi wenyewe! Pili, wazee wetu wa karne ya 19 walikuwa wafanyabiashara wa misafara. Walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku hadi Mombasa. Tatu, na hili ndilo linalomhusu mtahiniwa, Kiswahili kimezaliwa pwani. Methali zake nyingi zimejaa vyombo, upepo na maji. Mwanafunzi asiyejua joshi ni nini atakariri methali kama kasuku bila kuonja utamu wake.

Aliyenitia mimi ugonjwa huu wa meli ni mjomba wangu, ambaye alifanya kazi ya ubaharia katika matagi ya Mombasa kwa miaka mingi na sasa amestaafu, anakaa Likoni. Likizo moja nilipelekwa kwake. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Mjomba." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Chukua daftari na kalamu, twende ukaone watu wakifanya kazi." Nilidhani twenda sokoni. Kumbe twaenda kuangalia meli.

1. BANDARI ILIYOKUWA MTO

Tulivuka kwa feri tukaenda kusimama karibu na mnara wa taa, upande wa Barabara ya Mama Ngina. Hapo meli hupita karibu sana, hata unaweza kusoma jina lake bila darubini. Asubuhi hiyo tuliwakuta wengine waliokuja kwa jambo hilo hilo: mzee mmoja mwenye redio ndogo, na vijana wawili waliokuwa wakibishana kama meli iliyokuwa ikiingia ilikuja pia mwezi uliopita. Basi nikajua kwamba kuna watu wanaofuatilia meli kama wengine wanavyofuatilia mpira.

Jina Kilindini latokana na neno kilindi, yaani mahali penye maji ya kina kirefu. Lakini kwa nini pawe na kina kirefu hapo, ilhali sehemu nyingine za pwani yetu zina miamba ya matumbawe na maji mafupi? Mwalimu wa Jiografia atakwambia: Kilindini ni bonde la mto lililozama. Zamani za enzi ya barafu, bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko ilivyo leo. Mito ikachimba mabonde marefu ikielekea kwenye bahari hiyo ya chini. Barafu ilipoyeyuka bahari ilipanda, ikayameza mabonde. Hata leo mto Mwache bado unamwaga maji yake katika hori lililo nyuma ya bandari. Kwa hivyo meli ikiingia Kilindini inapita, kwa kweli, juu ya njia ya mto wa kale. Ndiyo maana njia yenyewe si pana, na ina kona. Shika neno hilo, kona, maana ndilo mzizi wa somo letu.

2. TAGI NI NINI?

Meli kubwa ina usukani nyuma. Usukani hufanya kazi maji yanapoupita kwa kasi. Meli ikipunguza mwendo ili iegeshe, maji hayaupiti kwa nguvu, na usukani unakuwa kama ubao tu. Sasa fikiria meli ya mita 300, ndefu kuliko viwanja viwili vya mpira vilivyounganishwa, inaingia pole pole, imebeba maelfu ya tani, upepo unaipiga ubavuni, mkondo wa maji unaisukuma, na mbele yake kuna kona. Haina breki. Ikiwa kwenye mwendo wake wa baharini, meli kubwa yaweza kuhitaji zaidi ya kilomita 2 ili isimame. Nani ataishika?

Hapo ndipo anapoingia tagi. Tagi ni chombo kidogo chenye injini kubwa kupita umbo lake. Kazi yake ni kuvuta, kusukuma na kuzuia vyombo vikubwa. Mjomba alinieleza hivi: "Tagi ni kama yule punda wenu wa kule nyumbani. Mdogo, hana maringo, lakini asipokuja, nyumba nzima haina maji." Nguvu ya tagi haipimwi kwa ukubwa wake bali kwa tani za mvuto, yaani likifungwa kwenye nguzo ya gati na kuvuta kwa nguvu zote, kamba inavutwa kwa tani ngapi. Matagi mengi ya kisasa ya bandarini huvuta kati ya tani 50 na 80.

Matagi ya Mombasa yamezoea kupewa majina ya wanyama: Simba, Duma, Kiboko, Nyangumi. Nilipoyasikia nilipenda sana. Mtu akisema, "Simba anamsukuma Mchina," usikimbie. Maana yake ni kwamba tagi linaisaidia meli iliyotoka China.

Hapa kuna makosa mawili ya lugha ambayo hata magazeti hufanya.

(a) Kuchanganya tagi na tishari. Tishari ni chombo kipana, mara nyingi kisicho na injini, cha kubebea shehena kati ya meli na gati. Tagi ndilo linalovuta tishari. Moja ni mkokoteni, jingine ni punda.

(b) Ngeli. Tagi, jahazi na tishari viko katika ngeli ya LI-YA: tagi hili, matagi haya, jahazi limefika, majahazi yamefika. Meli na feri ziko katika ngeli ya I-ZI: meli imefika, meli zimefika. Mtaani utasikia "jahazi imefika," na hakuna atakayekukamata. Kwenye mtihani utakamatwa.

Kiswahili pia kina kitenzi chake cha kazi ya tagi: kufungasa, yaani kuvuta chombo kwa kamba. Badala ya "tagi linaivuta meli na kamba," sema "tagi linaifungasa meli." Ni neno la kale lakini bado li hai.

3. JINSI MELI INAVYOINGIZWA

Siku hiyo niliandika hatua zote katika daftari. Nazileta hapa kama nilivyozielewa.

Kwanza, meli husubiri nje baharini. Haiingii kwa hiari yake hata kama nahodha amezunguka dunia nzima. Boti ndogo humpeleka rubani, naye hupanda melini kwa ngazi ya kamba huku meli ikiendelea kwenda. Rubani ni mtu anayeijua bandari hiyo kama sebule ya nyumba yake: maboya, mikondo na vina. Nahodha anabaki kuwa mkuu wa chombo, lakini rubani ndiye anayeelekeza njia. Methali yasema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Basi lazima wawili hawa wasikizane.

Pili, rubani hutazama maji. Mombasa maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Meli iliyolemewa na shehena huchagua saa ya maji kujaa.

Tatu, matagi huikuta meli njiani. Moja hukaa nyuma, upande wa tezi, nalo huwa breki. Jingine hukaa mbele, upande wa omo, au ubavuni. Mabaharia wa tagi hupokea kamba nyembamba iliyorushwa kutoka juu, wakaitumia kuvutia kamba nene, wakaifunga. Kisha rubani hutoa amri kwa redio: vuta, punguza, shikilia, sukuma.

Nne, feri za Likoni husubiri. Njia ya meli na njia ya feri hukatana mlangoni mwa bandari, na feri ndiyo inayompisha mgeni. Wale watu waliojaa kwenye feri wakinung'unika kwamba wamechelewa kazini wanaisubiri meli ambayo pengine imebeba ngano ya mkate watakaokula jioni.

Tano, meli hugeuzwa ndani kwenye maji mapana, husukumwa pole pole kwa ubavu mpaka iguse gati. Kazi yote ile, na mwishoni mguso wenyewe ni kama wa mama anayelaza mtoto.

4. HATARI YAKE

Ndugu msomaji, usidhani ni mchezo. Jioni ile nilimwuliza Mjomba kwa nini mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kamba." Siku moja chombo kilivuta kabla watu hawajawa tayari. Kamba ikakaza, ikakatika, ikarudi kama fimbo. Yeye alipoteza vidole viwili. Mwenzake aliyekuwa amesimama nyuma yake aliumia vibaya zaidi na hakurudi kazini tena. "Kamba iliyokaza haitoi onyo," alisema. "Ukiona imetetemeka, umeshachelewa. Usisimame kwenye njia yake, basi."

Hatari nyingine ni tagi kupinduliwa. Tagi likivutwa na kamba kutoka ubavuni badala ya mbele au nyuma, na meli ikaendelea kwenda, kamba ile ile ya kazi hulilaza tagi upande mmoja likazama kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana matagi huwa na kulabu inayoweza kuachia kamba upesi. Matagi ya kisasa nayo yana mapanga yanayozunguka pande zote chini ya maji, ili chombo kiweze kugeuka papo hapo.

Na tagi lisipokuwapo? Tarehe 26 Machi 2024, meli ya makontena iitwayo Dali iliondoka usiku bandari ya Baltimore, Marekani, bandari iliyo kwenye mdomo wa mto. Matagi mawili yaliisaidia kutoka gatini, kisha yakaiacha iende, kama ilivyokuwa desturi. Baada ya muda mfupi umeme wa meli ukazimika. Rubani aliomba msaada wa tagi, lakini zilikuwa zimebaki dakika chache tu. Meli ikagonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key, daraja likaanguka, na wafanyakazi 6 waliokuwa wakitengeneza barabara juu yake wakafa. Hiyo ndiyo tofauti ya punda kuwapo na kutokuwapo.

Mfano mwingine ni wa Machi 2021. Meli Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama ikiziba Mfereji wa Suez tangu tarehe 23 hadi 29. Iliyoikomboa si mashine moja kubwa. Ni mchanga uliochimbwa, matagi mengi yaliyovuta pamoja, na bamvua. Naam, mwezi wa mbinguni nao ulikuwa kazini.

5. MABADILIKO

Bandari si kitu cha kukaa vile vile. Zamani vyombo vyote vilitia nanga Bandari ya Kale, upande wa mashariki wa kisiwa, majahazi yakija na pepo za kaskazi na kurudi na kusi. Ujenzi wa reli ulipoanza mwaka 1896 Kilindini ikapata umuhimu, na katika miaka ya 1920 yakajengwa magati ya maji ya kina. Kabla ya hapo meli zilisimama mbali, na matishari yalifungaswa yakibeba mizigo hadi nchi kavu.

Enzi hizo bandari ilikuwa ya makuli. Watu waliingia katika tumbo la meli na kubeba magunia mgongoni. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao, ametoka huku huku kwetu. Makuli hawakuwa wanyonge. Mwaka 1947 walishiriki katika mgomo mkuu wa Mombasa, na mgomo wa bandarini wa 1955 ulimalizika kwa nyongeza ya mishahara, Tom Mboya akiwa msuluhishi. Dau la mnyonge haliendi joshi, lakini wanyonge wakipiga makasia pamoja, huenda.

Kilichowashinda makuli ni sanduku. Mwaka 1956 Mmarekani Malcolm McLean alisafirisha makontena 58 kwa meli moja kutoka Newark hadi Houston. Wazo hilo likaenea duniani kote. Kazi ya watu mia kwa siku kadhaa sasa ilifanywa na kreni na watu wachache kwa saa kadhaa. Makontena yalipofika Mombasa, kazi ya babu ikaisha pole pole. Alirudi Ukambani na maumivu ya mgongo, na wimbo mmoja wa kazi ambao hakumalizia kutufundisha.

Tangu hapo mambo yameenda mbio. Halmashauri ya Bandari ya Kenya iliundwa mwaka 1978. Njia ya meli ilichimbwa ikaongezwa kina mwaka 2011 na 2012. Sehemu ya kwanza ya kituo kipya cha makontena ilianza kazi 2016, na ya pili ikakamilika 2022. Gati jipya la mafuta la Kipevu nalo lilizinduliwa 2022. Reli mpya ilifunguliwa 2017. Bandari ya Lamu ilipokea meli zake za kwanza Mei 2021. Mwaka 2024 Mombasa ilipita makontena milioni 2 kwa kipimo cha futi 20. Ukisimama Kyumvi, kwenye njia panda ya Machakos, ukahesabu malori yenye makontena, unaihesabu bandari.

Meli zinavyozidi kuwa kubwa, matagi nayo hubidi yawe na nguvu zaidi. Kreni imechukua kazi ya kuli, lakini tagi bado lahitaji nahodha, fundi wa injini na mabaharia. Mjomba ana hofu yake: "Kazi ipo. Je, nyinyi mtakuwa na elimu ya kuifanya?" Chuo kipo Mombasa, Bandari Maritime Academy. Na wasichana wenzangu msiseme ni kazi ya wanaume. Elizabeth Marami alikuwa Mkenya wa kwanza mwanamke kuwa rubani wa meli. Alipokuwa shuleni huenda naye aliulizwa, "Wewe na meli wapi na wapi?"

6. MSAMIATI WA KUKUMBUKA

Amari – kamba nene ya nanga au ya chombo.
Bamvua – kujaa na kupwa kukubwa kwa maji. Kinyume chake ni maji mafu.
Boya – kielelezo kieleacho kuonyesha njia au hatari.
Joshi – upande utokako upepo.
Kuenda mrama – kuyumbayumba kwa chombo.
Ngama – sehemu ya ndani kabisa, chini ya chombo.
Omo – sehemu ya mbele ya chombo.
Serahangi – msimamizi wa mabaharia.
Shehena – mzigo wa chombo.
Tezi – sehemu ya nyuma ya chombo.

Neno meli lenyewe lilianza kwa vyombo vilivyobeba barua za posta. Na stima ilikuwa meli ya moshi. Leo Kenya tukisema "stima imepotea" twazungumzia taa. Maneno nayo husafiri.

7. MAZOEZI

(a) Sahihisha: (i) Tagi hii imevuta matishari mbili. (ii) Jahazi kubwa imetia nanga. (iii) Meli yote yamefika.
(b) Eleza maana ya nje na ya ndani ya methali: Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.
(c) Taja sababu mbili zinazoifanya meli kubwa kuhitaji tagi inapoingia Kilindini.
(d) Tunga aya moja ukitumia: rubani, bamvua, kufungasa, gati.
(e) Insha: Kontena lilileta nafuu, na kontena lilileta njaa. Jadili.

Majibu ya (a): (i) Tagi hili limevuta matishari mawili. (ii) Jahazi kubwa limetia nanga. (iii) Meli zote zimefika.

TAMATI

Siku ya kurudi nyumbani Mjomba alinisindikiza hadi stendi ya basi. Akanipa daftari lake mwenyewe, lililochakaa, lenye majina ya meli alizozifungasa, tarehe, na hali ya maji siku hiyo. Kurasa za mwisho zilikuwa tupu. "Mimi macho yamechoka," akasema. "Endelea wewe." Nami nimeendelea. Nikiwa huku, mbali na bahari, naandika malori. Nikienda Likoni, naandika meli.

Ewe msomaji, ukipata nafasi ya kufika Mombasa, usikimbilie ufuo pekee. Simama dakika 30 karibu na mnara wa taa. Usipige picha za bandarini bila ruhusa, lakini macho hayalipishwi. Itazame ile meli kubwa inayosifiwa na kila mtu, kisha litafute lile tagi dogo lililo nyuma yake. Ukiliona, lisalimie kwa niaba ya Muthetheni.